Jinsi ya kuisoma Shijing, Kitabu cha Nyimbo cha China ya kale: mwongozo kamili

Siku moja Confucius alikuwa amesimama peke yake. Mwanawe Boyu akakatiza uani kwa hatua za haraka, kama adabu ilivyomtaka mtoto apitapo mbele ya baba yake. Baba akamuuliza, "Umeshajifunza Nyimbo?" Kijana akajibu, "Bado." Baba akasema: usipojifunza Nyimbo, huna la kusema. Boyu akarudi ndani, akaanza kujifunza.

Kisa hiki kimo katika Lunyu, yaani Mazungumzo ya Confucius, sura ya 16. Alikisimulia Boyu mwenyewe alipoulizwa na mwanafunzi mmoja wa baba yake kama yeye, kwa kuwa mtoto wa nyumbani, alifundishwa siri ambayo wengine hawakuipata. Siri haikuwapo. Aliagizwa mambo mawili tu: ajifunze Nyimbo, na siku nyingine akaambiwa ajifunze li, taratibu za adabu na ibada. "Nyimbo" hizo ndizo Shijing, mkusanyo wa mashairi wa kale kuliko yote uliotufikia kutoka China.

Mwongozo huu ni kwa msomaji wa Kiswahili anayetaka kuingia katika kitabu hicho bila kupotea njia. Nina jambo moja la kumsihi tangu mlangoni: kila shairi alisome mara mbili. Kwanza kama wimbo, uliotoka kinywani mwa mtu mwenye shida au furaha yake. Kisha kama wanazuoni wa Confucius walivyousoma kwa zaidi ya miaka elfu mbili, wakitafuta humo namna ya kuishi, kutawala na kusema na watu. Siku hizi wengi huuruka usomaji wa pili, wakiuona ni maneno ya wazee yaliyobandikwa juu ya nyimbo za mapenzi. Wengine hukimbilia maadili, wakamsahau binti anayechuma majani mtoni. Wote hao wameiacha nusu ya kitabu.

Hatua ya kwanza: jua unachoshika mkononi

Shijing ina mashairi 305. Majina yapo 311, lakini sita kati yake yamebaki majina matupu, maneno yake hayapo. Mashairi ya kale zaidi ni ya mwanzo wa utawala wa Zhou, karne ya 11 KK, na ya mwisho yanafika karibu karne ya 6 KK.

Sehemu ya kwanza ni Guofeng, nyimbo 160 za nchi na majimbo 15. Neno *feng* maana yake ni upepo, na wafafanuzi wa kale walilishikilia hilo: wimbo wa nchi huwapitia watu kama upepo upitavyo kwenye majani, nao hueleza hali ya nchi ilivyo. Humu ndimo mna mapenzi, harusi, kilimo, vita na malalamiko ya watu. Sehemu ya pili ni Xiaoya, mashairi 74 ya karamu na ya watumishi wa dola. Ya tatu ni Daya, mashairi 31 marefu ya baraza na historia ya ukoo wa Zhou. Ya mwisho ni Song, nyimbo 40 za ibada na sifa: 31 za Zhou, 4 za nchi ya Lu na 5 za Shang, utawala uliotangulia Zhou.

Nani aliukusanya? Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika karibu mwaka 100 KK, anasema Confucius alichagua haya kutoka katika mashairi zaidi ya 3,000. Kwa karne nyingi habari hiyo ilishikwa kama ilivyo, nayo ndiyo iliyoifanya Shijing ionekane kama kitabu kilichopita katika mikono ya mwalimu mkuu. Lakini masimulizi ya Zuozhuan, kitabu cha kale cha historia ya China, yanaeleza kwamba mwaka 544 KK mwana wa mfalme wa Wu, aitwaye Jizha, alizuru nchi ya Lu na kuimbiwa nyimbo hizi kwa mpangilio unaokaribia sana tulio nao. Confucius alizaliwa mwaka 551 KK. Wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kama saba. Naamini basi kwamba aliukuta mkusanyo tayari, akaufundisha, na kuufundisha kwake ndiko kulikoupa heshima.

Hatua ya pili: anza na wimbo mwepesi, usome kwa sauti

Usianze na Daya. Mimi nilianza huko kwa kudhani mashairi ya wafalme ndiyo yenye uzito, nikakwama kwenye majina ya mababu wa Zhou nikakiweka kitabu kando. Anza na shairi namba 8, *Fuyi*. (Mashairi yote yana namba kwa mpangilio wa nakala ya Mao, mwalimu wa kale wa Nyimbo, kuanzia 1 hadi 305. Zizoee namba hizo, zitakusaidia kupata shairi lilelile katika tafsiri yoyote.)

Fuyi ni mmea mdogo wa porini wenye mbegu nyingi, na wafafanuzi wa kale walisema huwafaa wanawake katika uzazi. Shairi zima lina herufi 48 za Kichina, na ukilichungua utaona kwamba kinachobadilika toka mstari hadi mstari ni kitenzi tu, mara sita. Kiswahili chetu kina bahati hapa, kwa kuwa tunavyo vitenzi vya kazi ya mikono vya kutosha:

*Twachuma, twachuma fuyi, haya tuyachume;*
*twachuma, twachuma fuyi, haya tuyapate.*
*Twachuma, twachuma fuyi, haya tuyaokote;*
*twachuma, twachuma fuyi, haya tuyapukuse.*
*Twachuma, twachuma fuyi, tuyakinge upindoni;*
*twachuma, twachuma fuyi, tuyafutike kiunoni.*

Tazama mikono inavyokwenda. Kwanza wanachuma moja moja. Kisha wanapata mengi, wanaokota, wanapukusa kwa kiganja. Mwishoni mikono haitoshi tena, wanakinga kwa upindo wa nguo, na upindo ukijaa wanaufutika kiunoni ili mikono irudi kazini. Hakuna mahali shairi linaposema wamefurahi au wamepata mavuno mema. Vitenzi vimeshasema.

Soma kwa sauti, hata kwa herufi za Kilatini: *cai cai fu yi, bo yan cai zhi*. Kila herufi ya Kichina ni silabi moja, kwa hiyo mstari wa kawaida wa Shijing una mizani nne. Aliyezoea kuhesabu mizani nane za kipande cha utenzi ataisikia mara moja. Vina navyo vipo, ingawa vingi vimefichika kwa sababu matamshi ya Kichina yamebadilika mno. Chen Di, mwanachuoni wa karne ya 16 na ya 17, ndiye aliyeonyesha kwa ushahidi kwamba mahali panapoonekana kukosa kina ni sauti iliyogeuka, wala si kosa la mtunzi.

Hatua ya tatu: tafuta picha inayotangulia

Wachina wa kale walitaja njia tatu za kutunga. *Fu* ni kusema jambo waziwazi. *Bi* ni kufananisha, yaani tashbihi na istiari tunazozijua. Ya tatu ni *xing*, na hiyo ndiyo ufunguo wa kitabu: picha ya mti, ndege au mto inawekwa mwanzoni mwa ubeti, halafu ghafla tunaingia katika habari ya watu, wala hatuambiwi vinahusianaje. *Xing* maana yake ni kuamsha.

Jizoeze na shairi namba 6, *Taoyao*. Ubeti wa kwanza: mpichi mchanga, maua yake yang'aa; binti huyu anakwenda kwake, ataifaa nyumba yake. Ubeti wa pili ni uleule, ila maua yamekuwa matunda manono. Wa tatu, matunda yamepisha majani mengi mabichi. Chukua kalamu uandike kando ya kila ubeti unachokiona. Maua ni uso wa bibi harusi. Matunda ni watoto. Majani ni kivuli cha watu wote wa nyumba ile, na kweli ubeti wa mwisho hausemi tena "nyumba yake", unasema "watu wa nyumba yake". Mti ule mmoja umezeeka kidogo katika mistari kumi na miwili.

Sasa usomaji wa pili. Kitabu kifupi cha mafunzo ya Confucius kiitwacho Daxue kinanukuu ubeti huohuo wa majani, kisha kinaendelea: ukishawaweka sawa watu wa nyumba yako, ndipo unaweza kuwafundisha watu wa nchi. Wimbo wa harusi umekuwa somo la utawala. Ukilisoma somo hilo bila kuusikia kwanza wimbo, utaliona limetoka hewani. Ukiwa umeufuata mpichi toka ua hadi jani, hatua ya kutoka nyumbani hadi nchini haikushangazi.

Hatua ya nne: kaa na wafafanuzi, hasa kwenye shairi la kwanza

Hapa usiharakishe. Chukua wiki nzima ukitaka.

Shairi namba 1, *Guanju*, ndilo linalojulikana kuliko yote:

*Guan guan ju jiu, zai he zhi zhou;*
*yao tiao shu nü, jun zi hao qiu.*

*Guan, guan, ndege waitana kisiwani mwa mto;*
*binti mwema, mtulivu, mwenzi wa kumfaa muungwana.*

Ndege huyo, *jujiu*, wengi humdhani kuwa furukombe. Baadaye kuna mimea ya majini inayochumwa kushoto na kulia, na kuna mwanamume asiyepata usingizi, anageuka huku na huku kitandani. Mwishoni vinanda vya nyuzi vinapigwa, kisha kengele na ngoma.

Simama kwenye neno *junzi*. Kwa asili lilimaanisha mwana wa mtawala, mtu aliyezaliwa juu. Confucius ndiye aliyelivuta hadi likamaanisha mtu mwenye utu na tabia njema, awe wa ukoo wowote. Nimelitafsiri "muungwana" kwa makusudi, maana neno letu nalo limepita njia hiyohiyo: zamani lilimtaja aliyezaliwa huru, leo tunasema "kuwa muungwana" tukimtaka mtu awe na ustaarabu. Sijui lugha nyingi zinazoweza kulipokea neno hilo la Kichina kwa wepesi kama yetu.

Wafafanuzi sasa. Mwaka 213 KK Mfalme wa Kwanza wa Qin aliamuru nakala za Nyimbo na vitabu vingine vilivyokuwa mikononi mwa watu zichomwe. Nyimbo zilipona kwa sababu watu walikuwa nazo kichwani, si katika vipande vya mianzi vilivyoandikwa tu. Wakati wa utawala wa Han zikafundishwa na madhehebu manne ya walimu: Lu, Qi, Han (hili ni jina la mwalimu, si la utawala) na Mao. Mwaka 136 KK Mfalme Wu aliweka wataalamu wa serikali kwa vile Vitabu Vitano vya msingi, Shijing ikiwa mojawapo, na tangu hapo kitabu cha nyimbo kikawa pia kitabu cha dola. Nakala ya Mao, iliyofafanuliwa na Zheng Xuan (127–200), ndiyo iliyobaki nzima.

Dibaji ya Mao inasema Guanju ni habari ya fadhila za malkia asiye na wivu, anayehangaika kumtafutia mfalme wanawake wema. Dhehebu la Lu lilisema ni lawama: Mfalme Kang wa Zhou alichelewa kuamka, na mshairi akamwonyesha jinsi mume na mke wanavyopaswa kuwa. Confucius mwenyewe, katika Lunyu sura ya 3, alisema maneno machache tu: Guanju ina furaha isiyovuka mpaka, ina huzuni isiyojeruhi. Tazama kwamba hakumtaja malkia wala mfalme. Alizungumzia kiasi cha hisia, yaani jambo ambalo msikilizaji wa wimbo hulipata sikioni.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda sana. Mwaka 2001 Jumba la Makumbusho la Shanghai lilichapisha vipande vya mianzi vya karibu mwaka 300 KK, vilivyonunuliwa katika soko la vitu vya kale la Hong Kong. Mojawapo ya maandiko yake ni maelezo ya Nyimbo yanayonasibishwa na Confucius, na juu ya Guanju yanasema kwamba inatumia mvuto wa mwili kufundisha *li*. Maana yake, karne hizo za mapema hakuna aliyehisi haja ya kuchagua kati ya wimbo wa mapenzi na somo la adabu. Kijana ana tamaa, hapati usingizi, na mwisho anamwendea binti kwa vinanda na ngoma, kwa njia ya harusi. Tamaa imepata adabu yake bila kuuawa.

Halafu linganisha na namba 76, *Jiang Zhongzi*. Binti anamsihi mpenzi wake asiruke ukuta wala kuvunja miti yao. Si miti ninayoionea uchungu, anasema, bali nawaogopa baba na mama. Wewe nakuwaza, lakini maneno ya wazazi wangu nayo ni ya kuogopwa. Ubeti wa pili ni kaka zake. Wa tatu ni maneno ya watu. Dibaji ya Mao inadai hii ni lawama kwa mtawala wa Zheng aliyeshindwa kumzuia mdogo wake. Zhu Xi (1130–1200), mwanafalsafa mkubwa wa enzi ya Song, aliwaambia wanafunzi wake waiweke dibaji pembeni na wasome maneno yenyewe. Akasema wazi kwamba baadhi ya nyimbo za Zheng ni sauti za wapenzi wenyewe. Aliziona za aibu, lakini alizisikia. Ufafanuzi wake ndio uliotumika katika mitihani ya serikali kwa karne nyingi, hadi mitihani hiyo ilipofutwa mwaka 1905.

Zoezi: andika maana yako ya Jiang Zhongzi kabla ya kufungua ufafanuzi wowote. Kisha weka ya Mao na ya Zhu Xi chini yake. Usifute yoyote.

Hatua ya tano: tumia mstari mahali pake

"Huna la kusema," alisema Confucius, na alimaanisha hivyo hasa. Katika zama zake wajumbe wa nchi walizungumza kwa Nyimbo. Aliyewahi kupokea ujumbe kwa maandishi ya kanga, pasipo mtu kumtamkia neno, yuko karibu kuelewa.

Mwaka 506 KK jeshi la Wu liliteka mji mkuu wa Chu. Mjumbe wa Chu, Shen Baoxu, akaenda Qin kuomba msaada. Akapewa jibu la "nenda kapumzike, tutashauriana." Akasimama akiegemea ukuta wa baraza, akalia mchana na usiku, siku saba bila kutia hata maji mdomoni. Mwishowe mtawala wa Qin akaimba *Wuyi*, shairi namba 133: *Nani asema huna nguo? Nitavaa nawe joho moja.* Shen Baoxu akainamisha kichwa hadi chini mara tisa. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Jeshi la Qin likatoka.

Confucius aliwapenda wanafunzi waliojua kuupeleka mstari mahali papya. Zixia alimuuliza juu ya mistari inayosifu tabasamu la mwanamke na rangi juu ya weupe. Mwalimu akajibu: kupaka rangi huja baada ya msingi mweupe. Zixia akauliza, "Basi *li* nayo huja baadaye?" Mwalimu akafurahi, akasema sasa naweza kuzungumza nawe juu ya Nyimbo. Lakini alikuwa mkali kwa wakariri. Mtu ajuaye nyimbo mia tatu kwa moyo, akipewa uongozi asiuweze, akitumwa nchi za nje asijue kujibu mwenyewe, wingi wa nyimbo zake una faida gani?

Kwa hiyo kila shairi ulimalizalo, chagua mstari mmoja. Uandike, kisha uandike hali moja ya leo ambapo ungeufikisha ujumbe bila kumvunjia mtu heshima.

Hatua ya sita: usiyaruke malalamiko

Mashairi ya lawama ni mengi kuliko mgeni anavyotarajia katika kitabu cha dola. Namba 113: *Panya mkubwa, panya mkubwa, usile mtama wetu! Miaka mitatu tumekulisha, hukutujali hata kidogo. Tutakuacha, tuiendee nchi ile ya raha.* Dibaji ya Mao inakubali bila kuficha kwamba panya ni mtawala anayekamua kodi. Na dibaji kuu iliyo mwanzoni mwa kitabu inaweka kanuni ambayo naiona ni ya thamani kuliko mengi yaliyoandikwa juu ya Shijing: anayesema kwa wimbo hana hatia, na anayesikia apate kuonyeka. Confucius naye, alipotaja faida za Nyimbo, aliweka *yuan*, kulalamika, pamoja na kuamsha moyo, kutazama hali ya watu na kuishi na wenzako.

Hatua ya saba: nakala, ratiba na daftari

Kwa anayesoma Kiingereza, tafsiri ya James Legge ya 1871 ina Kichina kando na maelezo marefu yanayofuata mapokeo huku yakibishana nayo. Ya Arthur Waley ya 1937 ni tamu zaidi kwa sikio, lakini aliacha mashairi 15 na kupanga mengine kwa mada. Karlgren, 1950, anakwenda neno kwa neno. Wasomaji wa Kifaransa wa Kongo na Burundi wanayo ya Couvreur ya 1896, yenye Kichina, Kifaransa na Kilatini pamoja. Chukua mbili zinazopingana, si moja. Anayetaka kujifunza herufi zenyewe anaweza kuulizia masomo ya Kichina katika Taasisi za Confucius zilizo Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ratiba niliyoiona inafaa ni mashairi matatu kwa wiki: 8, 6, 1, kisha 76, 133, 113, kisha 154, *Qiyue*, peke yake. Hilo la mwisho ni kalenda ya mkulima, na lina nyenje mmoja wa kumfuata kwa makini: mwezi wa saba yuko shambani, wa nane chini ya upenu, wa tisa mlangoni, wa kumi anaingia chini ya kitanda changu. Baridi inakuja, na haijatajwa kwa jina. Baada ya hapo ingia Xiaoya, na ukifika Daya anza na 245, kisa cha Hou Ji, babu wa Zhou, aliyetupwa mtoto mchanga juu ya barafu ndege wakamfunika kwa mabawa.

Daftari lako liwe na kurasa za majina ya wanyama na mimea. Confucius aliyataja haya pia kuwa faida ya Nyimbo: utajua majina mengi ya ndege, wanyama, majani na miti. Anza na namba 161, *Luming*, wimbo wa karamu ambao baadaye uliimbwa kuwapongeza waliofaulu mitihani ya dola. *You you*, kulungu wanaitana, wakila majani ya nyikani. Katika ubeti wa pili majani hayo ni *hao*, ambayo Zhu Xi aliyaeleza kuwa qinghao, mmea wa jamii ya pakanga. Mwaka 1930 mzazi mmoja wa Ningbo alichukua mlio huo wa kulungu akampa binti yake awe jina: Tu Youyou. Binti huyo ndiye aliyeongoza utafiti uliotoa artemisinini kutoka kwenye qinghao, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na kiini cha dawa hiyo ndicho kilichomo katika vidonge vya mseto vinavyotolewa kwa wagonjwa wa malaria kote Afrika Mashariki.